MAC-10 kwenye Counter-Strike 2: mbona adui hafi? Dalili, sababu na cha kufanya

Malalamiko kuhusu MAC-10, bunduki ya mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike 2, yanafanana. Mmoja anasema amemwaga magazini nzima kifuani kwa adui na bado akafa yeye. Mwingine anasema raundi ya pili alikuwa hashikiki, ya tatu hakugusa mtu, na hakubadilisha chochote katika uchezaji wake. Wa tatu anaona damu ikiruka lakini mtu hadondoki. Naipenda sana bunduki hii, na njia pekee ya haki ya kuitetea ni kueleza bila kuficha inapoishiwa nguvu. Karibu kila lalamiko hapo juu lina sababu inayopimika kwa namba, na sababu hiyo mara nyingi iko nje ya ustadi wa mkono wako.

MAC-10 ni rashasha ndogo ya upande wa T, yaani magaidi wanaotega bomu; wanaowazuia ni CT. Bei yake ni dola 1,050, magazini inabeba risasi 30, na inatoa risasi 800 kwa dakika. Ya kweli, aliyoibuni Gordon Ingram miaka ya 1960, ni ya kasi zaidi ya hapo. Valve, watengenezaji wa mchezo, wameipunguza makali. Ukiishika unakimbia kwa kasi ya 240, wakati aliyeshika kisu anakimbia 250, mwenye M4A4 (bunduki kubwa ya CT) anakimbia 225 na mwenye AK-47 anakimbia 215. Ukiua mtu kwa MAC-10 unalipwa dola 600, mara mbili ya malipo ya AK. Namba hizi mbili za mwisho, kasi ya miguu na malipo, ndizo sababu ya bunduki hii kuwepo. Atakayeinunua kwa sababu nyingine yoyote atalalamika.

Kabla ya kusoma dalili yako, kumbuka kifo chako cha mwisho na ujiulize: adui alikuwa umbali gani, alikuwa amevaa nini, na miguu yako ilikuwa inafanya nini wakati unafyatua? Majibu ya hapo yatakupeleka moja kwa moja kwenye sehemu inayokuhusu.

"Nimempiga risasi tano kifuani na hajafa"

Hakufa kwa sababu hakutakiwa kufa. Risasi moja ya MAC-10 ina madhara ya 29. Inapokutana na fulana ya kuzuia risasi, asilimia 57.5 tu ndiyo inayopita, kwa hiyo kifuani unampunguzia adui 16 kati ya uhai wake wa 100. Risasi sita zinafika 96. Unahitaji saba, na hapo ni kama mmekaribiana sana.

Saba kwa kasi ya 800 kwa dakika ni karibu sekunde 0.45. Sasa linganisha na AK: kifuani penye fulana inaondoa 27, risasi nne zinatosha, na nne hizo zinatoka ndani ya sekunde 0.3 hivi. M4A4 inahitaji tano, sekunde 0.36. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu imani iliyozoeleka ni kwamba rashasha ndogo inaua haraka kuliko bunduki kubwa ikiwa karibu. Dhidi ya mtu aliyevaa fulana, si kweli. Mkisimama wote wawili bila kusogea na kumiminiana risasi za kifua, MAC-10 inapoteza hata kama mmekaribiana kiasi cha kugusana.

Cha kufanya ni kuacha kulenga kifua. Kifua chenye fulana ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kupeleka risasi za MAC-10. Fulana haifuniki miguu, kwa hiyo risasi ya mguuni, ambayo kila mtu huiona ya bahati mbaya, inaondoa 21. Tumboni inaondoa 20 ingawa fulana ipo. Maana yake ni kwamba mkiwa pua kwa pua, kumwaga risasi kuanzia kiunoni kunaua kwa tano badala ya saba. Hiyo ni njia ya dharura, pale mtu anapotokea kwenye kona ghafla na huna muda wa kupandisha shabaha.

Ukiwa na muda, hata nusu sekunde, panda juu. Kichwani penye helmeti MAC-10 inaondoa 66, yaani mbili zinatosha. Weka shabaha usawa wa shingo na usiharakishe kuvuta kipanya chini. Teke la bunduki lenyewe litazipandisha risasi za tatu, nne na tano hadi kichwani. Wachezaji waliozoea AK huvuta chini kwa nguvu tangu risasi ya pili kwa sababu AK imewafundisha hivyo, na kwa MAC-10 wanajikuta wanazirudisha kifuani risasi ambazo zilikuwa njiani kwenda kichwani.

"Raundi ya pili niliua watatu, raundi ya tatu sikuua hata mmoja"

Dalili hii ni ndugu wa ile ya kwanza, ila chanzo chake kiko kwenye mifuko ya wapinzani. Timu yako imeshinda raundi ya kwanza, ile ya bastola. Kila mmoja kapata dola 3,250 kama mliwamaliza wote, au 3,500 kama bomu lililipuka. Wapinzani hawana kitu, wengi wao wanaingia raundi ya pili bila fulana wala helmeti. Dhidi ya watu kama hao MAC-10 ni bunduki nyingine kabisa: risasi nne za mwilini zinaua, na moja ya kichwani inatosha mkiwa ndani ya mita nane hivi. Ukiwa na kasi ya miguu ya 240 na risasi 13 kwa sekunde, unakuwa hushikiki.

Raundi ya tatu CT wamekusanya fedha, wamevaa fulana na helmeti, wameshika M4. Risasi nne zimekuwa saba, moja ya kichwani imekuwa mbili, na wao wanaua kutoka mbali. Wewe hukushuka kiwango. Hesabu ndiyo imegeuka.

Je, uitupe? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia kununua AK mara tu wanapoziona dola 2,700 kwenye akaunti. Angalia hesabu ya raundi ya pili. MAC-10 ni 1,050, fulana na helmeti ni 1,000, jumla 2,050. Kwa 3,250 unabaki na 1,200, inayonunua bomu la moshi kwa 300, molotov (chupa ya moto) kwa 400, na mabomu mawili ya mwanga kwa 200 kila moja, na bado unabaki na mia moja. Ukiua wawili unarudishiwa 1,200, zaidi ya bei ya bunduki yenyewe. Timu inayofika raundi ya tatu ikiwa hai na MAC-10 zake mkononi inanunua mabomu tu, inacheza raundi hiyo bila presha, na hata ikipoteza, raundi ya nne inaweza kununua AK kwa watu wote watano. Ukinunua AK mbili raundi ya tatu huku wenzako watatu wakibaki na rashasha, mkipoteza mtaingia ya nne mmebaki vipande vipande.

Kwa hiyo raundi ya tatu kaa na MAC-10, lakini ubadilishe mahali pa kucheza. Usiende kutafuta watu. Ingieni pamoja kwenye eneo moja lenye njia nyembamba, mkiwa na moshi na mwanga, na mkubali kabisa kwamba lengo ni kutega bomu na kuondoka na bunduki mbili tatu za wapinzani. Bomu likitegwa, hata mkipoteza raundi kila mmoja wenu anapata dola za ziada.

"Risasi zinamfikia lakini ni kama mawe madogo"

Umbali. MAC-10 inapoteza asilimia 20 ya madhara kila baada ya vipimo 500 vya ramani, ambavyo ni karibu mita 12 na nusu. AK inapoteza asilimia 2 tu kwa umbali huohuo. Kwa mita 12 na nusu, kifua chenye fulana kinapoteza 13, kwa hiyo unahitaji risasi nane. Kwa mita 25 kinapoteza 10, na unahitaji kumi, zote zimfikie. Kichwani penye helmeti kwa mita 25 unaondoa 42, kwa hiyo mbili hazitoshi tena. Hata asiye na helmeti hafi kwa moja akiwa mita 12 na nusu; anabaki na uhai wa saba au nane, na pengine huo ndio ule uhai mdogo uliokukera jana.

Ongeza juu yake kutawanyika kwa risasi. Ukitaka kuuona mtawanyiko huo kwa macho, fungua mechi ya mazoezi peke yako, uwashe konsoli na uandike sv_cheats 1, kisha sv_showimpacts 1. Simama mita tano kutoka ukutani, mwaga risasi kumi. Rudi nyuma hadi mita kumi na mbili, mwaga kumi. Rudi mara mbili ya hapo, mwaga tena. Alama zitakazobaki ukutani zitakueleza zaidi ya makala yoyote. Kwa mita tano utaona rundo dogo. Kwa mita ishirini na tano utaona kitu kipana kuliko mabega ya mtu, na utaacha mwenyewe kufyatua kutoka huko.

Ramani zinapimwa kwa jicho hilohilo. Dust II, mahandaki ya B ni nyumbani kwa MAC-10, na Long A ni makaburi yake. Inferno, Banana inafaa sana kama mna moshi na molotov za kuwasogeza CT kutoka kwenye vizuizi vyao, kwa sababu unakata umbali haraka. Mirage, vyumba vya kuingilia B vinafaa. Kusimama katikati ya ramani ukitazamana na dirisha hakufai. Ukilazimika kupigana kwa umbali wa kati, simama kabisa, toa risasi tatu au nne, pumzika, toa tena. Bora zaidi, rudi kwenye kona umngoje aje. Mtu mwenye M4 hana sababu ya kukufuata, lakini bomu likishategwa analazimika kuja, na hapo umbali unakuwa wako.

Jambo hilo linanifanya niseme kitu kuhusu bastola ya Desert Eagle. Raundi ya pili, CT asiye na fedha mara nyingi hununua hiyo moja kwa dola 700 na kukaa mbali. Risasi yake moja ya kichwani inapita helmeti yako. Usibishane naye kutoka mbali hata kama ana uhai wa kumi. Mrushie moshi, mzunguke.

"Nasimama, nalenga vizuri kabisa, na bado nakufa kwanza"

Hiyo ndiyo sababu: umesimama. Kila kitu ulichojifunza kwa AK kinasema usifyatue ukiwa unakimbia, na kwa AK ni kweli kabisa. MAC-10 imeundwa kinyume. Ukikimbia nayo inapoteza usahihi kidogo tu ukilinganisha na bunduki kubwa, kiasi kwamba ndani ya mita sita au saba bado unampiga mtu ukiwa kwenye mwendo. Tumeona kwamba kwa hesabu tupu AK na M4 zinaua haraka kuliko wewe. Tofauti hiyo ya sekunde 0.1 au 0.15 unaifidia kwa kumfanya adui akose. Shabaha inayokwenda kwa kasi ya 240 ni ngumu kuifuata, na akitaka kufyatua vizuri yeye analazimika kusimama.

Kukimbia kwenyewe kuna namna. Kukimbia moja kwa moja kuelekea adui hakusaidii, kwa sababu kwenye skrini yake haupo kwenye mwendo, unakua tu. Kata pembeni, kushoto kisha kulia, bila mpangilio unaotabirika, huku ukiendelea kusogea mbele kidogo kidogo. Pita mbele yake hadi upande wa pili ikiwezekana. Mchezaji aliyeweka wepesi mdogo wa kipanya hupata taabu sana kugeuka kumfuata mtu aliyempita.

Kuchuchumaa ni kosa kubwa zaidi ninaloliona kwa watu wenye MAC-10. Mkono umezoea: adui katokea, kidole kinabonyeza kitufe cha kuchuchumaa. Unapata usahihi ambao hukuuhitaji kwa umbali wa mita nne, na unalipia kwa kuisimamisha ile miguu uliyoinunua. Kama huwezi kuacha tabia hiyo, jizoeze kwenye deathmatch (mechi ya kuuana tu, bila raundi) ukiwa umeondoa kabisa kitufe hicho kwenye mipangilio, hadi kidole kisahau.

Kuruka ni suala jingine. Hewani MAC-10 inatawanya vibaya, na ukitua unapungua kasi. Ruka kuvuka kizuizi, si kupigana.

"Niliua mmoja, lakini tulipoteza wote watano"

Hapa bunduki haina kosa. Mashambulizi ya MAC-10 hufa kwa sababu ya kuingia mmoja mmoja. Wa kwanza anaingia B, anaua au kuuawa; wa pili yuko sekunde mbili nyuma akibadilisha magazini; wa tatu bado ananunua bomu la mwanga. CT mmoja mwenye M4 nyuma ya kizuizi anaweza kuwapokea hivyo hadi wa tano, kwa sababu kila mara anapigana na mtu mmoja tu, kwa umbali anaoutaka yeye.

MAC-10 haifai kwa mtu wa kulipiza kisasi kutoka mbali baada ya mwenzake kuuawa. Kwa hiyo anayefuata lazima awe karibu na wa kwanza kiasi kwamba adui akimpiga mmoja, mwingine tayari ameshakata umbali. Hatua tatu nne, si zaidi. Mtu wa nyuma arushe bomu la mwanga juu ya vichwa vya wenzake kabla hawajatokeza, na wote watoke likishalipuka, kwa sababu aliyepofushwa hawezi kutumia faida yake ya umbali. Sekunde mbili za adui kutoona zina thamani kuliko fulana, na zinagharimu dola 200.

Mkubaliane pia nani anaangalia kona ipi. Watu wawili wenye MAC-10 wakimwagia risasi adui mmoja wanamaliza magazini zote mbili kwa pamoja, maana risasi 30 zinaisha kwa sekunde mbili na ushehe. Mmoja aanze, mwingine ashikilie.

"Naona damu kabisa, na bado hafi"

Kama umepita dalili zote za juu na hazikuhusu, tazama mtandao. Kwa anayecheza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, seva za Valve zilizo karibu ni za Johannesburg na Dubai, na huko kote ni mbali. Mawimbi yanapita kwenye nyaya za baharini, na zinapopata hitilafu, kama zilivyopata EASSy na Seacom Mei 2024, mchezo unakuwa haufai kabisa.

MAC-10 inaumia na pingi kubwa (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) kuliko AK. Mwenye AK anahitaji wakati mmoja sahihi. Wewe unahitaji risasi saba mfululizo zifike huku nyote wawili mkisogea, na picha unayoiona ni ya adui alipokuwa sehemu ya kumi ya sekunde iliyopita.

Mambo ya kuangalia ni haya. Kwenye mipangilio, sehemu ya telemetria, washa pingi na upotevu wa pakiti vionekane muda wote. Pingi ya juu lakini tulivu inavumilika. Pakiti zinazopotea hazivumiliki, na kwa kawaida chanzo ni Wi-Fi au simu unayoitumia kusambaza bando, kwa hiyo chomeka waya kama unaweza. Weka pia kikomo cha pingi unayokubali wakati wa kutafuta mechi, usije ukatupwa kwenye seva ya Ulaya.

Halafu kuna mpangilio wa kutabiri madhara. Ukiwashwa, kompyuta yako inaonyesha damu na sauti ya risasi kugonga kabla seva haijathibitisha. Kwa mwenye pingi ndogo unafurahisha. Kwa mwenye pingi kubwa unaonyesha vitu ambavyo seva inavikataa baadaye, na unabaki ukiapa kwamba ulimpiga. Uzime, kisha uwashe ripoti ya madhara ya mwisho wa raundi. Ikisema umempiga mara nne kwa 61, basi ni mara nne kwa 61, haijalishi uliona damu kiasi gani.

"Nimemuua mwenye M4. Nichukue?"

Nikiulizwa mimi, jibu linategemea kilichobaki kwenye ramani. Kama bado mnaingia na kuna watu wawili ndani ya eneo, kaa na MAC-10: uko karibu nao, una kasi, na kila unayemuua ni dola 600 badala ya 300. Bomu likishategwa na CT wanarudi kutoka mbali kupitia njia ndefu, chukua M4 mara moja na uiache MAC-10 chini. Angalia kwanza risasi zilizobaki ndani yake. Aliyeuawa hakuwa amebadilisha magazini kwa ajili yako, na M4 yenye risasi nne ukiwa kwenye kona ni mbaya kuliko MAC-10 iliyojaa.